Chupa au Gitaa

Siku Bati alipomng'oa mpiga rangi jino, hapakuwa na pombe kati yao wala mwanamke. Walikuwa wakibishana kuhusu muziki, na wote wawili walikuwa na akili zao timamu, kama mtu anayepigania kanda kuukuu anaweza kusemwa ana akili timamu.

Gereji yao ilikuwa ya kunyoosha bodi za magari. Kutwa kucha ilikuwa nyundo, msasa, moto wa kuchomelea na matusi, na juu ya makelele yote hayo kulikuwa na redio kaseti iliyofungwa kwa waya kwenye nguzo. Kanda zilikuwepo nyingi, ila iliyotawala ni moja: wanaume wanne wa roki nzito wakipiga jukwaani mbele ya umati unaonguruma. Roki yao ilikuwa imenyonya bluzi mpaka tone la mwisho. Mwimbaji alianza kwa kulalama kama mfiwa, gitaa likimjibu taratibu, kisha besi na dramu ziliingia kama watu waliokuja kuvunja mlango. Wimbo mrefu kuliko zote ulikuwa upande wa pili. Katikati yake vyombo vinanyamaza, gitaa linashika sauti moja nyembamba, linaivuta, linaivuta, na hapo ndipo linapokuja jambo lenyewe: kishindo, vioo vinapasuka, na mtu anapiga ukelele mmoja mfupi. Halafu dramu zinarudi kwa hasira na wimbo unakwenda mbio mpaka mwisho.

Ukelele huo ndio uliowagawa. Kambi ya mpiga rangi ilishikilia kwamba mlevi mmoja alirusha chupa ikampata mwimbaji. Kambi ya Bati ilishikilia kwamba mpiga gitaa alipandwa na mori, akalivunja gitaa lake kwenye taa za jukwaa, akachukua jingine akaendelea. Bati alijiona ana haki ya kusema kuliko wengine, kwa kuwa kanda ilirekodiwa kwao. Baba yake, fundi redio, aliazima santuri kwa siku moja tu, akainasa kwa maiki mbele ya spika sebuleni, na kanda zote zilizosambaa mjini zilinakiliwa kutoka hiyo. Mzee aliheshimiwa kwa jambo hilo mpaka akazeeka nalo.

"Gitaa likivunjika nyuzi zinalia," mpiga rangi alisema siku hiyo. "Wewe umesikia nyuzi hapo? Au baba yako alikuzaa bila masikio?"

Bati alimtandika ngumi moja ya mdomo. Jino lilikwenda kutumbukia kwenye kopo la rangi nyeupe, na damu ikachirizika mpaka kwenye bampa iliyokuwa imeshasafishwa tayari kupakwa. Mpiga rangi naye hakuwa wa kuonewa. Alimrukia Bati shingoni, wakagaragara kwenye grisi wakiumana kama mbwa, kanda ikiendelea kulia juu ya vichwa vyao. Jioni wenzao waliwapatanisha wakala sahani moja, na kesho yake wakaanza upya.

Ndivyo alivyokuwa Bati: mkono mwepesi, na hakuuonea haya. Alisema wimbo ule ndio uliomfundisha kupiga. Akiwa ananyoosha mlango uliobondeka, aliusubiri ukelele, na ulipofika aliteremsha nyundo pamoja nao kwa nguvu zake zote. Aliona raha hadi unyayoni.

Basi akaja dereva wa lori aliyegongwa ubavu wa gari lake. Alisikia kanda, akacheka. "Mbona imekwaruza hivyo? Mimi ninayo yenyewe, safi." Akatoa simu, akaiunganisha na spika yake, na gereji nzima ikaacha kazi.

Ilikuwa safi kweli. Walimsikia mwimbaji akivuta pumzi. Walisikia besi mahali ambapo miaka yote walidhani hakuna besi. Mchomeleaji alivua kofia yake ya moto akaikumbatia. Wimbo mrefu ulipoanza, mpiga rangi alimkonyeza Bati, maana leo mshindi angejulikana. Vyombo vikanyamaza. Gitaa likashika sauti yake nyembamba, likaivuta, likaivuta. Halafu dramu zikarudi.

"Rudisha," Bati akasema.

Dereva akarudisha. Hapakuwa na kishindo, wala vioo, wala ukelele.

Zogo lililozuka hapo halikuwa dogo. "Wamekata!" "Waliogopa kesi ya ile chupa!" "Kesi ya nini, gitaa ni la kwake mwenyewe!" Dereva aliwanyamazisha kwa mkono. "Subirini. Huku chini wasikilizaji wameandika maoni, watu wa kila pembe. Tuone wanasemaje."

Akawasomea. Mmoja alisema mpiga dramu alikuwa akiwatangulia wenzake kidogo, na kwamba utamu wote umetokana na hiyo haraka yake. Mwingine alimjibu kwamba huko si kutangulia, ni ulevi. Mmoja alilalamika kwamba waimbaji wa roki wameiba bluzi wakaivalisha buti, mwingine akamwambia kama hapendi buti avue masikio. Yupo aliyesema alimzika kaka yake kwa wimbo huo. Gereji ilicheka, ilibisha, iliunga mkono, kila mtu akajiona yumo. Kisha dereva akafika kwa mtu aliyeandika juu ya sauti ile nyembamba peke yake. Huyo alisema hajawahi kukutana na kimya kama kile kwenye albamu iliyopigwa jukwaani. Umati mzima umeshika pumzi, alisema, hata mtu wa kukohoa hakuna.

"Hata mtu wa kukohoa," mpiga rangi alirudia. Akamgeukia Bati, pengo lake wazi. "Sasa sisi tumekuwa tukisikia nini?"

Bati alimsukuma kando kwa nguvu hata akaangukia matairi. Hakuna aliyecheka. Alikwenda kwenye nguzo, akaweka kanda yao, akabandika sikio kwenye spika. Alijua wimbo ule kuliko jina lake, lakini safari hii alisikiliza akijua kwamba ukelele si wa jukwaani. Na ni kweli haukuwa wa jukwaani. Umati ulikuwa mbali, nyuma ya kitambaa cha spika, na ukelele ulikuwa karibu, ndani ya chumba kidogo. Ilikuwa sauti ya mwanamke.

Alirudisha, akasikiliza tena. Akakumbuka kabati la sebuleni kwao, lenye mlango mmoja wa kioo na mmoja uliozibwa kwa mbao tangu apate akili. Akakumbuka sikio la kushoto la mama yake, ambalo walisema liliharibiwa na dawa za homa. Aliondoka bila kumuaga mtu, na alikuwa amefika mtaani kwao ndipo alipogundua kwamba nyundo bado iko mkononi.

Baba yake alikuwa barazani, ameinamia redio iliyofumuliwa.

"Hata salamu hakuna?" mzee akauliza.

"Kile kioo kwenye kanda, baba. Ni nini?"

Mzee hakuuliza kanda ipi. "Chupa," akasema. "Si ndivyo mnavyosema huko gereji?"

"Santuri yenyewe haina chupa. Nimeisikia leo."

Mzee aliweka chini bisibisi yake. Alimtazama mwanawe, akaitazama nyundo, kisha akaona bora ajifanye amekasirika. "Wewe umekuja kuniuliza mimi mambo ya ndani ya nyumba yangu? Nyumba gani haina siku yake mbaya? Mama yako amelalamika?"

Laiti angenyamaza hapo. Bati alipiga teke meza, redio ikamwagika barazani na matumbo yake nje. Alimkamata baba yake ukosi wa shati, akamburuta ndani, visigino vya mzee vikikwaruza sakafu, akamtupa kwenye kabati. Ule mlango wa mbao ulipasuka katikati. Mzee alijaribu kuinuka, Bati akampiga kofi lililomrudisha chini, akampiga la pili, kisha ngumi, na ngumi ilishuka kwa utamu uleule alioujua kazini. Hilo alilisikia mwenyewe, lakini mkono haukusimama. Mdomo wa mzee ukachanika. Bati akamkalia kifuani, akainua nyundo.

Mama alitokea jikoni na unga mikononi. "Mwanangu!" akapiga ukelele. "Mwanangu, utaua!"

"Nyamaza, mama!"

Mama akanyamaza. Alinyamaza mara moja, katikati ya pumzi, akajiziba mdomo kwa kiganja cheupe cha unga, macho yake yakiwa kwa Bati. Hakumtazama kabisa mzee aliyekuwa akivuja damu sakafuni. Bati alimwona, na nyundo ikabaki juu.

"Muulize," mzee akasema chini yake, akitema damu. "Muulize nani alishika maiki."

Kisha mama alishusha kiganja.

"Ulikuwa mdogo," akasema. "Hujaanza hata shule. Baba yako alikuketisha pale mbele ya spika, akakupa maiki uishike kwa mikono miwili. Alikwambia ikiingia sauti yoyote atakuchuna ngozi. Mimi sikujua. Nilifungua mlango niwaulize kama mtakula, na bawaba zikalia."

"Mama..."

"Ngoja. Alinirusha kwenye kabati kwa sababu ya mlango kulia. Kioo kikaniingia hapa, nyuma ya sikio, nikapiga ukelele. Nikakutazama wewe. Ulikuwa unatetemeka mpaka maiki inatetemeka, lakini hukuiachia. Ulitoa mkono mmoja, ukaweka kidole mdomoni. Hivi." Akaweka kidole mdomoni. "Unaniambia ninyamaze."

Nyundo ilikuwa imeanza kushuka yenyewe.

"Nikanyamaza. Nilijua nikilia tena atakugeukia wewe. Akaendelea kunipiga mpaka wimbo ukaisha, na sikutoa hata pumzi. Mnasema pale dramu zinarudi na hasira. Nawasikia mkizisifu, nikiwaletea chakula. Si zote ni dramu."

Bati aliondoka kifuani kwa baba yake kwa magoti, kama mlevi. Alikuwa akijaribu kuikumbuka siku hiyo kwa nguvu zake zote na hakupata kitu, hata spika, hata uzito wa maiki. Alichokumbuka ni ukelele tu, nao aliukumbuka kwa raha, na raha hiyo ndiyo iliyomuua.

"Kwa nini uliniacha niipige miaka yote?" akauliza, na sauti ilimtoka ya kitoto. "Kila siku, mama. Kila siku ya kazi."

"Ulikuwa unafurahi," mama akasema. "Ulikuwa mtoto mwenye hofu, na kanda hiyo ilikufurahisha. Ningekunyang'anya nini tena?"

Mzee aliomba maji. Hakuna aliyeinuka.

"Huyo ni baba yako," mama akasema. "Mpige, mwache, mimi siwezi kukuamulia. Umekuwa mtu mzima. Ila usiniambie tena ninyamaze. Wewe wala yeye."

Bati alifungua vidole, nyundo ikaanguka. Mama aliitazama ilivyoanguka, akatazama kabati lililopasuka, akatazama unga mikononi mwake, na hapo kilio kikamtoka. Hakikuwa kilio cha mwanamke mtu mzima anayejisitiri kwa kanga. Alilia kwa kinywa wazi, akipiga mapaja, akitaja siku na vyombo na mahali alipopigwa, moja baada ya nyingine, mpaka mtaa ukasimama. Jirani mmoja, mama wa nyumba ya pili, aliingia mbio, akaona damu, akaona mzee sakafuni, akafanya anachofanya kila mtu mwenye moyo. Alimshika mama begani, akambembeleza: "Nyamaza, dada yangu, nyamaza, basi, yamekwisha."

Bati aliinuka, akauondoa mkono wa jirani kwenye bega la mama yake, kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuuona kwake.

"Mwache," akasema. "Hajamaliza."