Pikapu Aliyoirudisha

Alipiga magoti kwenye kokoto za yadi ya magari, akavuta tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake, akaisimamisha kutoka ardhini hadi kwenye kidato cha mlango. Pikapu ilikuwa nyeupe, ndefu, yenye tairi pacha nyuma kila upande. Kivuli chake kilimfunika mwili mzima.

"Mama, hii hatupimi kwa tepu," alisema muuzaji. "Hii tunapima kwa tani."

"Mume wangu hapandi tani. Anapanda kidato."

Muuzaji alicheka. Wenzake pale yadi walimwita Tai, kwa sababu hata jua liwake namna gani hakuonekana bila tai shingoni. Alipiga bodi ya gari makofi mawili matatu, kama mtu anayesifu ng'ombe wake.

"Basi nikueleze. Kubeba ni kitu kimoja na kuvuta ni kitu kingine. Nyumba ya safari, ile ya kulala njiani, kama ni ya kubebwa inakaa mgongoni mwa pikapu. Springi zikiwa laini, gari linakaa kitako nyuma na usukani unakuwa mwepesi kama karatasi, huko ndiko watu wanakopotelea. Ya kuvutwa inatembea kwa magurudumu yake, wewe unatafuta nguvu na breki tu. Hii nyeupe inafanya yote mawili bila kuguna."

Maneno hayo hayakuwa mageni kwa mama huyo. Aliyasikia miaka nenda miaka rudi, mezani kwake mwenyewe, huku akishona pindo za mapazia na kuitikia "mm, mm" bila kusikiliza.

Aliyekuwa akiyasema, mumewe, alikuwa ameketi kwenye gari lao dogo pale langoni, mlango wazi, miguu nje. Fundi wa malori, mtaa mzima ukimwita Spana. Msimu wa mvua uliopita kiharusi kilimwangusha chini ya lori la watu, kikaondoka na upande wake wa kulia na nusu ya ulimi wake. Sasa mkono wa kulia ulilala pajani kama kitu alichoshikishwa na mtu aliyesema anarudi sasa hivi.

Kila mwaka alikuwa akisema, "Mke wangu, tununue pikapu, tuweke kanyumba ketu mgongoni, tukalale tusikokujua." Kila mwaka mkewe alijibu, "Mwakani." Kulikuwa na mapazia ya ukumbi wa harusi. Kulikuwa na hoteli mpya. Binti yao alikuwa anasoma, kisha binti akamaliza, akaolewa mbali, na jibu likabaki lile lile.

Mara moja tu Spana hakungoja mwakani. Alikuja nyumbani na pikapu nyekundu ya kujaribu, akapiga honi mbele ya mlango kama bwana harusi. Mkewe alitoka na pini amezibana mdomoni, kitambaa cha mteja begani. Aliitazama ile pikapu, akamtazama mumewe, akasema, "Irudishe." Hata pini hakuzitoa. Spana aliirudisha, akarudi kwa miguu, akala chakula chake, na asubuhi akaenda kazini. Hakununa wala hakulalamika. Angalau angegomba, mkewe angekuwa na kitu cha kumjibu.

Ndiyo maana leo alikuwa amejikaza kisabuni, akafunga karakana yake ya mapazia, akaja kununua.

"Mlete mzee ajaribu," alisema Tai.

Walimwendea. Spana alisimama kwa fimbo, akavuka kokoto taratibu, mguu ukichora mstari nyuma yake. Mbele ya pikapu nyeupe alisimama akainua uso. Kwa kitambo kidogo macho yake yalikuwa yale ya zamani. Yaliingia chini ya gari, yakapita kwenye springi, yakatoka upande wa pili.

"Imara," alisema.

Mkewe akafungua mlango. "Umeipenda? Panda basi. Shika hapa. Tai, msukume huko nyuma, polepole."

Alipandisha mguu wa kushoto. Ule wa kulia ukakataa. Tai alisukuma, mkewe akavuta, na Spana akaning'inia katikati ya ardhi na kiti, shati limemtoka kwenye suruali, mgongo wazi mbele ya wateja waliogeuza shingo.

"Kidogo tu, mume wangu. Kidogo tu umefika."

"Ni... teremshe."

"Tutawatengenezea ngazi," Tai alisema haraka. "Tunachomelea ngazi, si tatizo."

"Niteremshe!"

Walimteremsha. Tai, kwa utu wake, alikumbuka ghafla kwamba kuna simu inamsubiri ofisini.

Mkewe alimchomekea shati. Vidole vyake, ambavyo havikukosea hata hariri, sasa vilikuwa vinapapasa.

"Una... nunua nini?" aliuliza Spana.

"Gari. Lile ulilolitaka."

"Nililitaka... zamani."

"Najua. Ndiyo maana nime..." Alilivuta tena shati. "Ningesema ndiyo siku ile, ungepanda mwenyewe. Ungeruka."

Spana alitafuta maneno. Mkewe alizoea kummalizia sentensi. Safari hii aliuma midomo, akangoja.

"Ulikuwa na pini... mdomoni."

"Nilidhani umesahau."

"Mkono ndio... umesahau. Mimi, hapana." Alipumua. "Nilikukasirikia. Sana."

"Mpaka leo?"

Alimtazama bila haraka. Nusu ya uso wake haikusema kitu, na nusu nyingine haikudanganya.

"Leo pia. Kidogo."

Mkewe aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa "yamepita" au "usijali", na kumbe hayo ndiyo yangemmaliza. "Basi twende nyumbani," alisema. "Nilikuja kujinunulia usingizi, nikakuning'iniza mbele za watu."

Spana hakutembea. Aliinua fimbo, akaelekeza mwisho wa safu, kwenye pikapu ya kijivu, fupi ya kimo, ambayo hakuna aliyehangaika hata kuiosha.

"Ile. Haibebi. Inavuta." Akapumzika. "Nimechoka na... dari ile. Ya chumbani. Nataka nyingine."

"Dari gani?"

"Yoyote."

Tai aliporudi alishangaa kukuta mteja wake amehama kutoka gari la fahari hadi gari la mwisho, lakini hakubisha. Aliikagua breki, akaifunga nyuma yake trela ya nyumba yenye mlango wa chini, akaketi kiti cha nyuma kuwaonyesha njia ya majaribio. Spana alipanda mwenyewe: kitako kwanza, mguu wa kushoto, kisha akaunyanyua wa kulia kwa mkono kama mzigo wake halali. Mkewe alisimama kando, mikono nyuma, akijizuia asimsaidie.

Kisha mkewe akaingia upande wa usukani. Trela ilimvuta mabega kila alipokanyaga breki, na kwenye kona ya kwanza alipanda ukingo wa barabara.

"Pana," alisema Spana. "Kata pana."

Kona ya pili alikata pana.

Walifika kwenye njia panda. "Hapa kushoto, mama, tunarudi yadi," alisema Tai.

Akawasha taa ya kushoto. Pembeni yake mkono wa kushoto wa mumewe, ule mzima, uliinuka kutoka pajani, ukabaki hewani, kidole kikionyesha mbele, kwenye barabara iliyonyooka baina ya maghala na kupotelea kwenye mwanga.

"Mama," alisema Tai. "Kushoto."

Nyuma yao mtu alipiga honi. Taa ilikuwa bado inalia tik, tik, tik, alipokanyaga mafuta kuelekea kule kidole kilikoonyesha, na trela nyuma ikatetemeka kidogo, ikajiweka sawa.