Bega Lililoshuka

Jumamosi, tarehe kumi na tano Februari. Asubuhi ilikuwa kavu na ya baridi, na upepo ulimwaga majivu ya volkano juu ya vigae vya mapaa ya mji wetu wa Antigua.

Nilisali rozari njia nzima hadi ukumbi wa kanisa, maana niliogopa. Siku hiyo wanawake tunaobeba sanamu ya Bikira wa Huzuni siku ya Ijumaa Kuu tulikuwa tunaandikishwa. Kila mmoja hupimwa urefu wa bega, ili wanaolingana wawekwe pamoja na machela ya sanamu isiyumbe. Mimi nilikuwa wa safu ya mbele, pamoja na warefu. Marehemu mama yangu alibebea hapohapo.

Odilia, msimamizi wetu, alisimamisha fimbo ya kupimia ubavuni mwangu.

"Simama wima, Ninfa. Mbona umejikunja kama unatafuta sindano?"

"Nimesimama."

Akapima tena. "Ee! Bega limeshuka vidole vitatu tangu mwaka jana. Unayeyuka, mwenzetu?"

Foleni nzima ikacheka. "Mleteni huku kwa wafupi!" mmoja akapaza sauti. "Huku kwetu hakuna upepo!"

Nikacheka nao. Nilijua sababu. Nina baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kuushambulia mwili wenyewe. Kwa miaka mingi nimemeza vidonge vya prednisoni vya kuituliza. Vilinirudishia vidole, niliweza tena kukanda unga wa mahindi na kushika rozari. Hakuna aliyeniambia kwamba vinakula mifupa. Mwezi uliopita tu, mgongo ulipozidi kuuma, daktari mpya alinionyesha picha: pingili za uti wa mgongo zimebonyea kama mkate uliokaliwa. Akanipa dawa ya mifupa, akanikataza kubeba uzito wowote. Nikamshukuru, kisha nikaja kujiandikisha.

"Niweke popote," nikamwambia Odilia. "Hata nyuma kabisa."

"Haya, usinune." Akachukua kalamu.

Ndipo binti yangu Maricruz, aliyesimama nyuma yangu, akasema kwa sauti, "Bi Odilia, usimwandike. Daktari amemkataza. Mgongo wake unavunjika."

"Funga mdomo!"

"Sifungi, Mama. Ukilala kitandani nani atakuogesha? Bikira?"

Odilia akaniuliza kwa upole, "Ni kweli?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ukianguka wewe, machela inatuangukia sote. Na nakujua, mtu akichoka njiani utapenya uchukue nafasi yake. Ahidi hapa kwamba hutabeba, wote wakusikie."

Nilitaka kumuuliza Mungu kwa nini ugonjwa na dawa yake vimegawana mwili wangu. Nikalimeza swali. Maricruz alikuwa analia, wala sikumshika mkono.

"Naahidi," nikasema, "mbele ya Mungu na mbele yenu mliocheka: sitaweka tena bega langu chini ya Bikira, mwaka huu wala mwaka wowote, hata nafasi ya mama yangu ikibaki wazi."