Kiazi Chenye Miwani

Sinia lilirudi jikoni kama lilivyokwenda. Phyllis, mtumishi wa nyumba, alilitua mezani, akafunua kawa, akautazama wali ambao haukuguswa hata kwa ncha ya kidole na samaki aliyekwisha kukauka mkia. Alimwonea huruma samaki, kisha akajionea na yeye mwenyewe. Ilikuwa Jumatano. Asubuhi ile Ghaith, mwenye nyumba, alikuwa amesema, funguo za gari mkononi, kwamba kama mama yake hatakula mpaka kesho mchana atampeleka hospitali akatundikiwe maji, eda au si eda.

Mama huyo, Bi Shaikha, alikuwa amekaa eda ya mumewe, marehemu Mzee Ghanim. Alivaa nyeupe, hajipaki manukato, na hatoki. Shekhe alikwisha kusema kwa simu kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kwenda kwa daktari, lakini ruhusa ni kitu kimoja na moyo ni kitu kingine. Bi Shaikha alikuwa ameapa kutovuka kizingiti mpaka ammalizie haki yake mtu aliyeishi naye tangu Unguja. Habari ya hospitali ilimliza. Phyllis alikisikia kilio kile akiwa nje ya mlango, akasimama palepale, wala hakuingia.

Hakuacha kuingia bila sababu, huyu Phyllis. Kwao ni Kakamega, Kenya, muimba kwaya wa kanisani, na katika nyumba hii ya Ghubra, Maskati, hakuna aliyemweleza eda ni nini. Aliona nguo nyeupe, mapazia yaliyoshushwa na wageni wanaonong'ona, akakata shauri kwamba ni jambo la ukimya. Basi kila adhuhuri, Ghaith na mkewe Fajr wakiwa maofisini Qurum na mtoto wao akiwa shule, yeye aliingia kwa kunyata, akaweka sinia, akalifunika, akatoka kinyumenyume kama anayetoka mbele ya sultani. Na kwa adabu hiyo alijiona amefuzu.

Mtoto, Ruba, alirudi siku hiyo analia. Bwana Kiazi wake, yule kiazi wa plastiki wa kuchomekwa macho, pua na masharubu kwa namna utakayo, alikuwa amesahauliwa nyuma ya kioo cha gari la mama yake. Jua la Maskati halina masihara. Plastiki ilikuwa imepinda, matundu yamelegea, na kila jicho lililotiwa lilidondoka. Ilikuwa zawadi ya babu, na babu hakuwepo tena wa kununua nyingine.

Lakini babu alikuwa ameacha hadithi yake. Mzee Ghanim hakuwahi kumchezesha mjukuu bila kumsimulia, kiasi kwamba Phyllis naye aliijua kwa kuisikia kutoka jikoni. Zamani, huko Marekani, kiboksi cha mchezo huo kiliuzwa kikiwa na vipande tu, hakina mwili. Mwili mtoto aliuchukua kapuni mwa mama yake: kiazi cha kweli, au karoti, au chochote. Watu wakanung'unika kwamba chakula hakichezewi. Viazi navyo havikuwa na simile, vikaoza mvunguni. Ndipo baadaye sana wakaunda kiwiliwili cha plastiki.

"Basi nipe cha kweli," alisema Ruba.

Phyllis alikataa. Katika nyumba ile kipande cha mkate kikianguka huokotwa kikawekwa mahali pa juu, na hata kwao Kakamega mtoto anayechezea chakula hujua mkono wa mama yake. Ila machozi ya mtoto yana hoja zake. Mwishowe alichagua kiazi kimoja kikubwa, akatoboa matundu kwa kijiti cha mshikaki, na wakapatana kwamba kesho kitapikwa, hakitatupwa.

Ruba alichomeka macho, masikio, pua na masharubu. Akatia miwani, na badala ya kofia akaweka kifuniko cha chupa. Halafu wote wawili wakarudi nyuma hatua moja, maana aliyekaa pale mezani alikuwa Mzee Ghanim mtupu. Kabla Phyllis hajanyoosha mkono, mtoto alikwisha kukinyakua na kukimbilia chumbani kwa bibi yake. Phyllis akangoja ukali. Haukuja. Ruba alitoka mikono mitupu, akasema bibi ametaka kiachwe kwake.

Alhamisi mchana Phyllis aliingia na sinia, roho juu. Kiazi kilikuwa juu ya kimeza cha dawa, na miwani imeteremshwa mpaka ncha ya pua, vile Mzee alivyoizoea. Aliweka sinia, akaanza kurudi kinyumenyume.

"Nani kakwambia chakula kinachezewa?"

Phyllis aliomba radhi. Alieleza mapatano yake na mtoto, kisha akakiri kwamba sasa hajui nani atathubutu kukitia kisu. Bi Shaikha alikitazama kiazi, akakibonyeza shavuni. Kilikuwa kimeanza kulegea.

"Mbatata hii ikioza ntaulizwa mimi, sio Ruba," alisema. "Lete kisu na bakuli."

Alivitoa vipande mwenyewe: kifuniko, masikio, masharubu. Kwenye miwani mkono ulisita kidogo, kisha ukaitoa na yenyewe, pamoja na pua na macho. Alimenya taratibu, ganda jembamba la kuonyesha mwanga, kazi ya mtu aliyekulia zama za foleni za unga kule Unguja. Alipomaliza, Phyllis akapokea bakuli na kurudi nyuma kama kawaida yake.

"Kila siku wanikimbia," alisema Bi Shaikha. "Nnakutisha?"

"Hapana, Bibi. Nilidhani eda haitaki maneno. Nilikuwa nakupa heshima."

Bi Shaikha alimkodolea macho. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyekisahau, kikageuka kikohozi, na kikohozi kikageuka machozi. Alisema tangu kuolewa hajapata kutia tonge kinywani peke yake. Kila mlo Mzee ndiye aliyeanza, akamchambulia samaki miiba na kumsogezea upande wake. "Sinia la peke yangu halinishuki, mwanangu. Nnalitazama tu. Nikajua waniogopa, nikaona nisikulazimishe."

Phyllis alifikiri masinia yote aliyoyafunika vizuri na kuyaacha, akalia palepale na bakuli lake mkononi. Alimpenda mama huyu siku nyingi, wala hakuwa amempa nafasi ya kulijua hilo.

Alikipika kiazi kwa tui, ndimu na pilipili mbichi, kizima bila kukikata, maana ndivyo alivyoagizwa kutoka kitandani. Aliporudi, Bi Shaikha alikuwa amekwisha kushuka na kukaa mkekani. Phyllis alikaa mbele yake, hajui miguu aiweke wapi. Matundu ya macho na masikio yalikuwa yamejaa tui.

Bi Shaikha alikimega katikati, akamsogezea nusu. Nje gari la Ghaith, lililomjia kumpeleka hospitali, lilisimama, mlango wake ukafungwa, na hakuna aliyeinuka.

"Anza wewe," alisema. "Mie sijui kuanza."

Phyllis alichukua tonge, tui likimchuruzika vidoleni, akalipuliza. Ng'ambo ya sinia, mkono wa Bi Shaikha uliokwisha kuoshwa ulikuwa wazi, ukisubiri.