Kiatamizi cha Savelugu

Neno lenyewe sikulichagua mimi. Lilikuja na watu wa Mpango kutoka Accra, siku waliyotuletea fulana na chupa za maji na kutueleza kwamba serikali imeamua kila mkoa uwe na kituo cha ubunifu, na kila kituo kiwe na kiatamizi. Walisema kampuni changa ni sawa na yai: ukiliacha ovyo linaoza, ukiliatamia linakupa kifaranga. Tukapiga makofi. Mimi na Neindow tulikaa mstari wa mbele na tukapiga kuliko wote, jambo ambalo linanikera mpaka leo.

Sisi wawili ndio tulikuwa kampuni nzima. Neindow ni mtoto wa mama yangu mdogo. Mikono yake ni myepesi kwenye waya na mdomo wake hauna breki. Tulikuwa tumetengeneza kifaa kidogo cha kufunga kwenye pampu ya kisima. Kila mpini unaposhushwa kinahesabu, kinapima maji yanayotoka, na pampu ikianza kuchoka kinatuma ujumbe kwenye simu ya fundi kabla haijafa kabisa. Kwetu pampu ikifa katikati ya kiangazi, wanawake wanarudi bwawani kuchota pamoja na ng'ombe, na fundi anakuja baada ya majuma kadhaa, anauliza iliharibika lini. Injinia Wumbei, mkuu wa maji wa wilaya, alikipenda kifaa chetu. Akasema atakifunga kwenye pampu zote za wilaya kwa sharti moja: tukiendeshe wiki nzima bila kukatika, kisha aje asome mwenyewe.

Ndiyo maana tuliomba kuingia kituoni. Tulihitaji chumba, umeme usiozimika, na mtu anayejua mikataba wa kutushika mkono. Chumba tulipewa. Hayo mengine tukaambiwa yatakuja pamoja na kiatamizi.

Kiatamizi kikaja kwa lori.

Yalikuwa maboksi matatu, kila moja refu kama kabati. Bwana Ziblim, meneja wa kituo, alivaa tai siku hiyo. Alikuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, na kila kitu cha serikali alikipokea kama anapokea mgeni wa heshima. Neindow alipasua boksi la kwanza, akatoa trei ya plastiki yenye vishimo vya duara, akaigeuzageuza.

"Bosi, hapa tunaweka nini? Simu?"

"Soma maelekezo," Bwana Ziblim akasema.

Neindow akasoma. Kisha akakaa juu ya boksi na kuanza kucheka, kicheko kile cha mtu aliyekwisha kukata tamaa.

"Mayai, Sanatu. Wametuletea mashine za kutotolea mayai."

Mimi sikucheka. Nilizunguka kabati lile mara mbili nikitafuta kitu kingine, labda kompyuta imefichwa ndani, labda kuna boksi la nne limebaki kwenye lori. Lori lilikuwa limeshaondoka.

"Wamekosea," nikasema. "Bwana Ziblim, wapigie simu waje wachukue."

Akaifungua tai yake, akaifunga tena. "Mwanangu, unajua kituo cha mkoa wa jirani?"

"Hakipo siku hizi."

"Hakipo. Waliletewa viti, wakasema viti ni vifupi. Ikaandikwa huko kwamba wamekataa msaada wa serikali. Leo jengo lile linawekewa masanduku ya kura. Mimi sirudishi kitu."

"Lakini sisi tunatengeneza vifaa vya pampu. Tutafanyia nini mashine ya mayai?"

"Tutaitunza vizuri," akasema, na kwa kweli alimaanisha hivyo.

Ziliwekwa chumbani kwetu, kwa sababu ndicho chenye plagi za uhakika. Pampu yetu ya majaribio, tuliyoifunga mota ya kushusha na kupandisha mpini, tukaisukuma hadi kwenye ukumbi wa kuingilia, na tangu siku hiyo kila anayekwenda chooni alikuwa anairuka. Nililalamika. Nikaambiwa nivumilie kidogo, na kwa jinsi nilivyozielewa ofisi za nchi hii nikajua kidogo hicho hakina mwisho.

Habari zikatoka. Savelugu si mji wa kuficha makabati matatu. Nikipita asubuhi kwa muuza waakye, wali wetu wa kunde, kabla hata sijamaliza kusalimu, ananiuliza, "Mama kuku, leo unataka na yai au unalo lako?" Watu wanacheka hadi wanashika mabega ya wenzao. Mimi nina shahada ya uhandisi. Nililipiwa ada na mama aliyeuza mafuta ya shea barabarani, na sasa naitwa mama kuku na mtu anayenipakulia wali.

Kisha simu ikapigwa kutoka Accra. Madam Obenewaa wa Mpango anakuja mwezi ujao kukagua viatamizi, na anataka kuvikuta vinafanya kazi.

Bwana Ziblim alikuja chumbani huku anapangusa jasho. "Mnasikia? Vinafanya kazi. Kiatamizi kinafanyaje kazi bila mayai?"

"Kinafanyaje kazi kwa kampuni?" Neindow akamjibu.

"Neindow, usinitanie. Nenda kwa Hajia Mbalba ukachukue mayai ya kanga."

Na kweli Hajia Mbalba, anayefuga kanga nyuma ya msikiti, akaleta mayai yake kwenye beseni, akayapanga mwenyewe trei kwa trei, huku anatuuliza kama kompyuta zetu zinajua kuyageuza au tutakuwa tunamwita yeye. Mashine zikawashwa. Chumba kikawa na joto na harufu ya manyoya, na sisi tukahamisha meza yetu ya kazi ikaifuata pampu kule ukumbini.

Nisingesema mengi kama mambo yangeishia hapo. Lakini mayai yalipomaliza wiki ya tatu, Injinia Wumbei naye akapiga simu. Bajeti ya wilaya inafungwa, akasema. Tuanze ile wiki yetu sasa hivi, na siku ya mwisho atakuja kusoma. Akataja siku. Ilikuwa siku ileile ya Madam Obenewaa.

Tukaiwasha pampu. Mpini ukaanza kupanda na kushuka, kifaa kikihesabu, sanduku letu la kupokea hesabu zake likiandika mstari baada ya mstari bila pengo. Niliupenda mlio ule. Neindow alilala kwenye mkeka kando yake, na kila nikifika asubuhi ananiambia, "Mgonjwa amelala vizuri." Siku zikapita hivyo, na mimi nikaanza kuota pampu za wilaya nzima, nikamwona mama yangu akimweleza jirani kazi ninayofanya bila kukwama katikati.

Siku ya mwisho, saa nne asubuhi, umeme ukakatika.

Hilo tulilitegemea. Dumsor, huku kukatika umeme kila mara, si mgeni kwetu, ndiyo maana tulitaka kituo chenye jenereta. Neindow akaiwasha, nikaunganisha waya wetu, na jenereta ikaanza kukohoa. Taa za mashine za mayai zikafifia, mota ya pampu ikapunguza mwendo. Haikuweza kubeba vyote. Ama mayai ama pampu.

Bwana Ziblim alikuwa amekwenda Tamale kumpokea mgeni uwanja wa ndege. Nikampigia.

"Mayai," akasema kabla sijamaliza. "Sanatu, nakuomba kwa heshima ya mama yako. Huyu mama yuko hapa kando yangu kwenye gari. Mayai."

Nikakata simu. Neindow alikuwa ameshasimama mbele ya plagi ya mashine.

"Chomoa," akaniambia.

"Kachomoe wewe."

"Kampuni ni yangu na yako, lakini neno la mwisho tulikubaliana ni lako. Chomoa, dada. Masaa machache tu. Injinia akishasoma tunarudisha. Nani atajua?"

Nikaingia chumbani nikaishika plagi. Sikuwa na huruma na mtu yeyote wakati ule. Nilikuwa na hasira na Accra, na Bwana Ziblim na tai yake, na yule aliyekaa ofisini akasoma neno kiatamizi akafikiria jogoo. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuvuta. Ndipo nikasikia wanalia. Walikuwa ndani ya maganda bado, wanagonga na kulia kwa sauti nyembamba, na kwenye trei ya chini yai moja lilikuwa limepasuka na mdomo mdogo unatoka, unapumzika, unatoka tena.

Nikaisukuma plagi irudi mahali pake, na Neindow akaelewa.

"Basi," akasema. Hakunitukana. Angenitukana ningejisikia nafuu.

Akauchomoa waya wetu mwenyewe, akakunja mikono ya shati, akashika mpini wa pampu na kuanza kuushusha na kuupandisha kwa nguvu zake. Kifaa kiliendelea kuhesabu kwa betri yake, lakini sanduku la kupokea lilikuwa na akiba ya dakika chache tu, na jenereta haikuwa na cha kuongeza, nalo likazimika. Alijua limezimika. Aliendelea kupiga mpini hadi viganja vikatoka malengelenge, na mimi nikawa nampokea, naye ananipokea, hadi magari yakaingia.

Madam Obenewaa alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani, si yule mtu niliyekuwa nimemwandalia matusi. Bwana Ziblim akampitisha pale tulipo kana kwamba sisi ni ndoo, akamfungulia mlango wa chumba. Kanga walikuwa wametoka, wengi, wenye mistari mgongoni, wanakanyagana kwenye trei. Akafurahi waziwazi.

"Kituo hiki kimetotoa wangapi?" akauliza.

Nikaingia mbele yake. Jasho lilikuwa linanitiririka.

"Madam, sisi ni kampuni ya vifaa vya pampu. Tuliomba chumba na umeme na mtu wa kutushauri. Hizi mashine ni za mayai. Zililetwa kwa makosa."

Bwana Ziblim akafumba macho. Madam Obenewaa akanitazama, kisha akafunga mlango ili wapiga picha wabaki nje.

"Najua, mdogo wangu," akasema. "Zilipokelewa na vituo vyote. Vyote viliandika kushukuru. Mimi nilipogundua, shukrani zilikuwa zimeshasomwa mezani kwa wakubwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikiandika kwamba ni makosa, hawatawaletea mnachotaka. Wataufuta Mpango, na huyu mzee atakabidhi funguo wiki ijayo. Nikiandika kwamba kituo kimeatamia na vifaranga vimetoka hai, mwakani kuna fungu jingine. Labda mwakani wataelewa." Akatoa kalamu. "Niambie mwenyewe niandike nini."

Nikamtazama Bwana Ziblim. Alikuwa ameishika tai yake kwa mikono miwili. Nilitaka sana kuwa mtu wa kusema andika ukweli, na nilikuwa na ukweli wote mdomoni. Nikawaza chumba, hata kikiwa na harufu ya manyoya. Nikawaza jenereta, hata ikikohoa.

"Andika wametoka hai," nikasema.

Tulipotoka, Injinia Wumbei alikuwa ameshafika. Alikuwa amechuchumaa kando ya sanduku la kupokea, ambalo Neindow alikuwa ameliwasha tena umeme uliporudi, anasoma mistari kwa kidole. Neindow alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ameificha mifukoni.

"Mpaka leo asubuhi ni safi kabisa," Injinia akasema. "Hapa pana pengo."

"Umeme ulikatika, Injinia. Kifaa chenyewe hakikusimama, kinaendelea kuhesabu, ukifungua utaona."

"Nakuamini. Lakini mimi nilikwenda kwa madiwani nikawaambia wiki moja bila kukatika. Na kule vijijini umeme wenyewe haupo kabisa. Watanikalia kooni." Akasimama, akajipangusa magoti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonimaliza. "Bajeti inafungwa kesho. Tuone kiangazi kijacho."

Neindow akaenda kuchomoa waya, na sikumzuia.

Wapiga picha walikuwa wananiita. Madam Obenewaa alitaka apigwe picha na vijana wa kituo, na mtu akaniwekea kifaranga cha kanga kiganjani. Kilikuwa na joto, na moyo wake ulikuwa unapiga haraka haraka kwenye malengelenge yangu. Nilikuwa nimejaa hasira hadi shingoni na sikuona pa kuipeleka. Yule niliyemshika hakunikosea kitu.

Injinia Wumbei alisubiri picha iishe ndipo aje kuniaga. Akachungulia mkononi mwangu.

"Wazuri hawa," akasema. "Kwangu paka amewamaliza. Mnauza?"

Nikamwangalia. Nyuma yake Bwana Ziblim alikuwa ananitikisia kichwa kwa nguvu kwamba ndiyo, ndiyo.

"Tunauza," nikasema. "Unataka wangapi?"