Jiwe Jeusi la Mkonze

Mimi simwamini mtu anayelamba mawe. Mdachi yule alifika Mkonze mwaka mmoja kabla ya reli, akaugonga mwamba wetu kwa nyundo, akakilamba kipande, akakichungulia kwa kioo, kisha akaandika. Mtu mzima, mwenye ndevu zake! Nikasema hapa pana jambo.

Juu ya mwamba ule palikuwa na shimo la maji. Visima vyote vikikauka, sisi na ng'ombe wetu tuliishi kwa shimo hilo mpaka mvua irudi. Mdachi akiutaka mwamba, sisi tumekwisha.

Mkalimani wake, Hasani, kijana wa Kirangi kutoka Kolo, alikuja uani kwangu kuomba maji ya kunywa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bwana wako anatafuta nini?"

"Mawe ya kuvunja yawe kokoto za reli. Lakini haya yenu hayataki. Anasema zamani yalikuwa uji wa moto, chini kabisa ardhini, yakapoa polepole, ndiyo maana chembe zake ni kubwa, unaziona kwa macho. Jua likiyapiga yanamomonyoka. Anataka yaliyopoa upesi, meusi, chembe zake ndogo hata huzioni. Kesho tunaondoka."

Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Uji wa moto! Anayekula chakula cha Mdachi ataniambia ukweli mimi? Kikulacho ki nguoni mwako. Mwamba wetu unametameta juani, na Wazungu wanapenda kinachong'aa. Kwa kuwa alisema wanataka meusi, nikajua wanataka meupe.

Basi nikajifanya mwerevu. Nilichukua kijiwe changu cha juu cha kusagia uwele, cheusi, kizito, kisicho na mng'ao hata kidogo. Marehemu mama alikipata kwa mbuzi mzima kutoka kwa watu wa upande wa Hanang'. Nikakipasua, nikampelekea Mdachi kipande.

"Mwamba wetu ndani uko hivi," nikamwambia Hasani. "Mbaya mtupu."

Mdachi alikigeuza, akakilamba, akacheka kwa furaha. Hasani hakucheka. Alinisogelea, akasema kwa sauti ndogo:

"Mama, anasema huenda uji wa pili wa moto ulipenya kwenye ufa wa mwamba huu, ukapoa upesi. Lakini kwetu Kolo nimeona wanawake wakisagia mawe kama haya. Sema kweli, limetoka wapi? Mficha uchi hazai."

Nikaona ananitega. Nikaapa kwa kaburi la mama kwamba limetoka juu, kando ya shimo la maji. Nilipataja hapo makusudi, ili Mdachi apadharau.

Hawakuondoka. Siku ya nne walipanda watu wa baruti. Ulilia mlio mmoja tu. Walipochimbua wakakuta mawe yaleyale ya chembe kubwa, Mdachi akatukana kwa lugha yake, akang'oa hema, akaenda zake na Hasani nyuma yake.

Nilipanda na mtungi. Ufa ulikuwa umepita katikati ya shimo, maji yanazama huku tunayatazama. Wanawake walipiga magoti wakiuziba kwa udongo na kwa nguo zao. Nikatua mtungi, nikapiga magoti nami.

Jirani yangu Hana akanipa donge la udongo.

"Ziba hapo, Ruthu. Hivi nani aliwaambia wachimbe hapa?"

Nikaziba. Kisha nikasema ni yule Mrangi, na wote wakaniamini.