Mlango wa Nahodha

Meli ile iliyotelekezwa na wenyewe bandarini Aqaba ilikuwa izamishwe Alhamisi, wapiga mbizi wapate pa kuchezea. Mafuta yalishanyonywa yasije yakaua matumbawe, rangi yenye sumu imekwanguliwa. Ilibaki milango, na milango ni kazi ya Awwad na moto wake wa gesi.

Kila mlango lazima utoke. Ukijifunga chini ya maji, aliye ndani ndiyo basi tena. Awwad hakuhitaji kuambiwa. Nayef, mwanawe wa pekee, mpiga mbizi, alikutwa amekufa nyuma ya mlango wa namna hiyo, katika meli nyingine iliyozamishwa na watu wenye haraka zao. Tangu mazishi Awwad hajadondosha chozi. Anakula, hajui anakula nini. Chai inayotokota anaigugumia kama maji ya mtungi. Na watu wanamwita Baba Nayef kutwa nzima, anaitika tu.

"Baba Nayef, huu tuuache," alisema Bisher, mhandisi kijana, mwenye miwani ya jua hata gizani. "Chumba cha nahodha hiki! Kitasa cha shaba! Watu watapigia picha."

"Sheria inasema yote."

"Ah, mzee wangu nawe! Mmoja tu. Naingia, wewe funga, niupige picha kwa ndani, uone mlango ulivyo mzuri."

Haya. Awwad akafunga. Hakuwa na hamu ya kubishana.

Kitasa kikagoma. Bisher alicheka, akagonga kwa kiganja, kisha kwa ngumi, na sauti ikambadilika.

"Baba Nayef! Nifungulie! Baba Nayef, nakosa hewa!"

Hewa ilikuwa tele. Dirisha halikuwa hata na kioo. Ila jina lile, kutoka nyuma ya chuma! Awwad akaurukia mlango.

"Rudi nyuma, mwanangu! Nakuja, nakuja!"

Akawasha moto, akakata bawaba ya juu, akakata ya chini. Mlango ukaanguka kwa kishindo.

Bisher alitoka akichuruzika jasho, miwani haipo.

"Yote," alisema. "Ondoa yote, ami yangu."

Awwad hakumsikia. Alikuwa amemkamata mkono, hamwachii.

Wenzake wa kazini wakaja, wakamkalisha, wakampa chai. Alipiga funda moja, akashtuka.

"Ai! Inaunguza!"

Kisha mzee wa watu akalia, kwa sauti, mbele ya wote, mkono wa Bisher bado kaushika, mpaka chai ikapoa.