Kaburi Fupi la Wanyama

Mjukuu wangu Sheryl, anayeniita Kukhu, yaani nyanya, alitengeneza filamu ya kuchekesha kuhusu matanga, na mimi Nanjala, na miaka yangu sabini na moja, nikaigiza mjane. Tuliionyesha kwanza kwa ukumbi mmoja hapa Kitengela. Watu walicheka mpaka viti vya plastiki vikalia. Halafu Jumatatu bwana mmoja anaitwa Githongo, mhakiki wa filamu, akaandika maoni yake gazetini.

Sheryl alinisomea kutoka kwenye simu yake akiwa bado mlangoni.

"'Mjane wa filamu hii hajawahi kuona matanga. Mjane wa kweli hawezi kuchekea jeneza la mumewe. Ni dharau kwa wafu.' Kukhu, hiyo sehemu naitoa. Jumamosi tunaonyesha Kajiado, sitaki watu waseme nimekuaibisha."

Niliangusha ufagio. Hiyo sehemu ilikuwa imetokea kweli, kwa mazishi ya babu yake. Akiitoa, itakuwa kama tumemzika mzee wangu Wanyama mara ya pili, na safari hii bila kicheko.

"Nipigie huyo kijana."

"Kukhu, mhakiki hapigiwi simu!"

"Kwani hana simu?"

Kumbe amepanga nyumba hapa hapa Kitengela. Alikuja Jumatano baada ya chakula cha mchana, amebeba pakiti mbili za maziwa na uso wa mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Nikampa chai na mandazi.

"Umeandika sijawahi kuona matanga."

"Nilisema mhusika, shosho. Si wewe."

"Mhusika ndiye mimi. Nilimzika mzee wangu miaka minane iliyopita."

Akaacha kutafuna.

Nikamweleza. Wachimba kaburi walipima jeneza kwa ufito, kama tunavyofanya kwetu, wakauegemeza ukutani. Wifi yangu Caren, aliyekuwa akipikia waombolezaji chai, akaishiwa na kuni. Akauvunja ule ufito, akautia motoni. Wale vijana waliona haya kuuliza, wakachimba kwa kukisia. Kushusha jeneza, upande wa miguu ukaingia, wa kichwa ukakataa. Tuliimba wimbo mmoja mara sita wakiongeza shimo. Na Wanyama alikuwa mrefu, maisha yake yote hakutosha popote: si kitandani, si kwa suruali ya harusi. Nikamwona pale, miguu chini kichwa juu, kama anachungulia aone nani amekuja. Nilicheka mpaka kitambaa kikanitoka kichwani. Kulia nililia baadaye, miezi mingi.

Githongo akarudisha andazi sahanini. Nikaona nimsaidie.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nikimfungia mdomoni, anatokea machoni."

"Machozi."

"Hapana. Nipe mji."

"Chukua Bisil, siku ya soko, na ng'ombe wote."

"Nimeenda Bisil, nikauza ng'ombe, nikarudi mnono. Ni kicheko."

Akatabasamu, halafu akakuna shingo. "Kwa mazishi ya baba yangu, mzee mmoja alimsifu marehemu nusu saa nzima, ndio akagundua amekosea boma."

"Ukacheka?"

"Niliuma tai niliyovaa, shosho."

"Woi! Na baba yako angependa sana kukisikia hicho kicheko."

Sheryl, aliyekuwa jikoni akijifanya anaosha vikombe, akapasuka. Githongo naye akafuata, mpaka chai ikamwagika.

"Nitaandika tena," akasema akipangusa macho. "Lakini mwisho wa filamu ni mrefu. Hilo sibadilishi."

"Hata mimi nililala hapo."

"Kukhu!"

Jumamosi tukaenda Kajiado. Sheryl alikuwa amekata dakika kumi za mwisho, mazishi hakuyagusa. Jeneza lilipokwama, ukumbi ukawa kimya kabisa. Sheryl akanishika mkono, kucha zikaniingia. Ndipo mzee mmoja wa Kimaasai, mstari wa mbele, akaachilia kicheko kizito, cha tumboni. Mke wake akampiga bega, kisha akacheka kumshinda, na ukumbi wote nyuma yao.

"Kukhu, wanacheka," Sheryl akaninong'onezea.

"Nyamaza," nikamwambia. "Niache nimtazame babu yako."